Muziro wa Sista na Ruta ya Buganguzi

Wanangu mnaoingia katika kazi hii ya mitandao, huwa mnanitembelea hapa Kanazi na laptopu zenu nyembamba, mnakaa barazani, mnatafuna kahawa yangu, kisha mnaniuliza swali lilelile: "Mama Domitila, tuanzie wapi?" Mnategemea nitaje kozi au cheti. Mimi nawajibu: anzieni na salamu. Mnacheka kwa adabu, mnatazamana, mnadhani uzee umeanza kunizidi. Leo nimeamua kuliandika jibu lote, maana kulisimulia kila mgeni anapokuja kunanichosha, na migomba yangu nayo inataka kupaliliwa.

Nilianza kazi nikipanda nguzo za simu. Mwanamke mwenye suruali juu ya nguzo, katika Bukoba ya wakati ule, lilikuwa tamasha la bure. Bibi mmoja alisimama chini akanisubiri mpaka niliposhuka, si kwa lingine, bali aniulize kama wazazi wangu wanajua niliko. Baadaye nyaya za shaba zikaanza kufa, ruta, vile viboksi vya kugawa mtandao, zikaja, na ofisi yetu ndogo ya mjini ikapata kazi ya kuunganisha shule na zahanati upande wa Muleba. Tukaambiwa anayetaka kujifunza ajifunze. Wenzangu wengi walisema hayo ni mambo ya vijana. Mimi nilikubali kwa sababu moja tu: ruta haipandwi.

Aliyenifundisha ni Mzee Novatus, Mluteri mkimya aliyekuwa akinawa mikono kabla ya kugusa mashine. Alikuwa na tabia moja iliyonikera mwaka mzima. Ukitaka kuandika amri kwenye ruta, anakuzuia mkono na kusema, "Sema kwanza." Lazima useme kwa mdomo unataka kufanya nini, kwa nini, na kitatokea nini ukikosea. Ukibabaika, hugusi kitu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, nikawa nasimama mbele ya kiboksi chenye taa za kijani nikijieleza kama mtoto wa katekisimu.

Ruta mpya ikitolewa kwenye boksi, jambo la kwanza lilikuwa kubadilisha neno la siri lililotoka nalo kiwandani. "Hii ni nyumba ambayo aliyeijenga amegawa funguo zinazofanana kwa wilaya nzima," alisema. "Utalalaje humo?" La pili, tusizungumze na ruta ya mbali kwa ile njia ya zamani inayopitisha kila kitu wazi. Telnet, kwake, ilikuwa kusimama kilimani na kumpigia mkeo kelele mambo ya chumbani; SSH ndiyo kumnong'oneza. La tatu, mlango wa mipangilio usiuelekeze duniani. Kuna watu usiowajua, wa nchi usizozijua, ambao mashine zao zinapita mchana kutwa zikijaribu vitasa vya wengine. Mlango huo uweke ndani ya njia yako ya siri, ile VPN, ili mtu asiyepita humo asijue hata kama mlango upo.

Na la nne, ambalo nililipata kwa miguu. Siku moja nilikuwa Bukoba nikirekebisha ruta ya zahanati upande wa Kagoma. Nikaandika kanuni ya kuzuia wageni, nikabonyeza, na mgeni wa kwanza kuzuiwa nikawa mimi. Nilikwenda Kagoma kwa bodaboda kwenye tope la masika, nikafika nimelowa mpaka kwenye soksi, nikachomeka waya, nikafuta mstari mmoja. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni akiangalia. "Basi?" akasema. "Ndicho hicho tu kilichokuleta?" Niliporudi, Mzee Novatus hakunigombeza. Alinionyesha namna ya kuiambia ruta kabla hujagusa kitu: nisiporudi kukuthibitishia baada ya dakika chache, sahau yote niliyofanya na urudi ulivyokuwa. Kila ruta nzuri ina namna yake ya kufanya hivyo. Itafuteni kabla hamjaihitaji.

Sasa niwapeleke Buganguzi.

Kuna shule ya wasichana huko ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Sista Leokadia, mtawa mrefu mwenye sauti ya chini kiasi kwamba watu hunyamaza ili wamsikie. Shule ilikuwa na kila kitu isipokuwa mwalimu wa fizikia. Wa mwisho alikuwa amehama, na barua za kuomba mwingine zilikuwa hazijibiwi. Mjini Bukoba alikuwepo Mwalimu Projestus, kijana mchangamfu, aliyekubali kuwafundisha kwa njia ya mtandao kila Jumamosi mchana, kwa sababu siku nyingine alikuwa na vipindi vyake. Tukafunga ruta, projekta ikaelekezwa ukutani, na wasichana wa kidato cha tatu wakapata mwalimu mwenye kichwa kikubwa kama dirisha.

Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri. Muhula wa pili Mwalimu Projestus akaanza kuganda. Anainua chaki, anasema, "Kwa hiyo nguvu ni sawa na," kisha anabaki mdomo wazi, mkono juu. Wasichana waliandika "nguvu ni sawa na" na kusubiri. Akirudi, alikuwa ameshafika kwenye mfano wa tatu, na yeye huko Bukoba hajui kwamba ameongea na ukuta.

Sista alinipigia simu. "Domitila, majina ya watahiniwa wa mtihani yanakaribia kupelekwa. Siwezi kuwaandikisha watoto kwenye somo walilofundishwa vipande. Hili likiendelea, nafuta fizikia na mtakuja kuchukua mashine yenu."

Hakuwa mkali, alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonitisha. Nyinyi mnajua msichana akiachishwa fizikia ni milango mingapi inafungwa nyuma yake bila yeye kuisikia ikifungwa. Mimi nilitoka kwenye shule ambayo wasichana tuliambiwa fizikia ni ya kaka zetu, nikaja kujifunza umeme kwa kurushwa na umeme. Nilitaka somo lile libaki kuliko nilivyotaka mafao yangu ya kustaafu, na mafao nilikuwa nayataka sana.

Tulianza kwa kulaumu mvua. Kisha tukalaumu migomba, kwa sababu majani mabichi yaliyolowa yanazuia mawimbi, na kati ya shule na mnara kulikuwa na kibanja kilichostawi vizuri kupita kiasi. Mwenye kibanja tulimwomba akate migomba michache. Akatuuliza kama huo mtandao unapikwa au unachomwa, kisha akaturudisha tulikotoka.

Ndipo nikaamua kufanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Jumamosi moja nikakaa ofisini Bukoba, nikaingia kwenye ruta ile kwa njia yetu ya siri, nikaitazama tu bila kugusa kitu. Asubuhi ilikuwa imetulia. Mchana, mara mechi za Uingereza zilipoanza, chombo kimoja kikameza karibu njia yote. Kilikuwa kimejiandika jina BANDA. Na kwenye mipangilio nikakuta kanuni ambayo sikuiandika mimi wala mtu yeyote wa ofisi yetu, inayosema chombo hicho kihudumiwe kwanza, wengine wote wasubiri. Niliifuta, na Mwalimu Projestus akarudi kuongea. Jumamosi iliyofuata kanuni ilikuwepo tena.

Ruta haijiandikii kanuni. Kuna mtu alikuwa na ufunguo, na si ufunguo wangu. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba mkuu wa shule anachagua neno la siri lake mwenyewe la kuingilia kwenye mipangilio, ili shule isiwe mateka wa ofisi yetu. Sista alikuwa ameliandika mwenyewe akiwa amenipa mgongo, nami nikatazama dirishani, kama inavyotakiwa. Sikulijua, na nisingethubutu kulibadilisha bila kumwambia. Kubadilisha neno la siri la mkuu wa shule kwa siri ni kumwambia hana akili.

Nikafunga safari. Sikwenda kwa Sista kwanza. Nilizunguka uzio wa shule na simu mkononi nikiangalia waifai ya shule inafika wapi, na jambo hili lifanyeni popote mnapofunga ruta, maana mawimbi hayajui mpaka. Upande wa jikoni yalikufa. Upande wa barabara yalivuka uzio, yakavuka mtaro, yakaingia kwenye banda la kuonyeshea mpira lenye mabenchi ya mbao na pazia la kitenge mlangoni.

Mwenye banda aliitwa Alchard, mtu wa makamo, mcheshi. Alinisalimu kwa Kihaya, akaniuliza kwetu ni wapi, ukoo wetu upi, muziro wetu nini. Nilimjibu yote, naye akanijibu yake, tukagundua kwamba shangazi yake ameolewa kwetu. Kwa ambao hamkukulia huku: muziro ni kile ambacho watu wa ukoo fulani hawali wala hawakidhuru, mnyama kwa kawaida, kama nkende, yaani tumbili, na hutajwa pale pale mtu anapojitambulisha. Baada ya hapo akanipa kahawa ya kutafuna, na tukawa watu tunaoweza kuulizana.

"Mbwenu wewe si ndiye fundi wa mtandao wa Sista?" akaanza yeye. Mbwenu, kwa Kihaya, ni kama kusema sasa.

"Ndiye. Na wewe ndiye mwenye chombo kinachoitwa BANDA?"

Alitafuna polepole. Sikuona aibu usoni kwake, niliona fahari kidogo. Akanieleza kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye duka la intaneti Mwanza, kwamba neno la siri la waifai alipewa na mwalimu mmoja mpenda mpira, na kwamba wateja walikuwa wanamkimbia kwa sababu picha inakatika mtu akiwa karibu kufunga goli.

"Hilo la waifai nimeelewa," nikasema. "Lakini kuingia kwenye mipangilio kuna neno jingine. Hilo ulipewa na nani?"

"Waitu mama, hilo sikupewa. Nilifikiri tu. Sista alipoletwa hapa alisimama kanisani baada ya misa akajitambulisha: jina, kwao, ukoo, muziro. Nkende. Tukampigia makofi. Nikajaribu nkende, ikakataa. Nikasema huyu ni mtu wa shule, lazima ameweka namba." Akainua kidole kuelekea mlangoni. Pazia lake lilikuwa kitenge cha jubilei ya nadhiri za Sista, chenye picha yake kila hatua, na chini ya kila picha, kwa maandishi makubwa, mwaka aliofunga nadhiri. Nusu ya parokia walikuwa wamejishonea nguo za kitenge hicho.

Nilitaka kucheka na nikajizuia. Nikamweleza kuhusu fizikia, Jumamosi, mwalimu anayeganda, na majina yanayosubiri. Alisikiliza akiwa bado na nusu tabasamu.

"Jumamosi mchana?" akauliza.

"Jumamosi mchana."

"Kidato cha tatu?"

"Cha tatu."

Tabasamu likaondoka. "Editha wangu yumo humo. Kila Jumamosi anarudi jioni amenuna, anasema mwalimu ameganda tena. Mimi namwambia mtandao wa Sista ni wa bei rahisi." Aliinuka, akaenda nyuma ya skrini, akachomoa waya kwenye umeme, akabaki ameushika. "Utamwambia Sista?"

"Nitamwambia neno lake linajulikana. Jina lako nitaliacha mpaka aulize."

"Atauliza," akasema Alchard kwa unyonge.

Kutoka bandani mpaka ofisini kwa Sista ni mwendo mfupi, lakini nilitembea kama mtu anayepanda mlima. Nimewahi kumwambia meneja kwamba kosa ni lake. Nimewahi kumwambia padre achomoe pasi yake kwenye umeme wa ruta. Ila kumwambia mtawa, tena nshomile, msomi mwenye shahada mbili, kwamba siri yake imetundikwa mlangoni kwenye banda la mpira, hilo sikuwa nimefundishwa na mtu.

"Sista," nikasema baada ya salamu, "naomba nikuulize kitu bila kulitaja lenyewe. Neno lako la siri, je, lina mnyama ndani yake?"

Alinitazama juu ya miwani.

"Na mwaka?"

Akavua miwani, akaiweka mezani. "Nani anajua?"

"Yeyote aliyekuwepo kanisani siku ulipojitambulisha, na aliyenunua kitenge cha jubilei."

Nje wasichana walikuwa wakifagia. Nikaanza kujieleza, naye akanyoosha kiganja, ishara kwamba bado anafikiri.

"Muziro ni wa kutangazwa, Domitila," akasema hatimaye. "Mtoto tunamwambia akiwa mdogo, mchumba tunamuuliza mlangoni. Mimi nimeupa kazi ya kujificha, na haujawahi kujifunza kujificha." Kisha akauliza, kama alivyotabiriwa, "Ni nani aliyeingia?"

"Ni mzazi. Baba yake Editha."

"Editha ndiye anayeuliza maswali kuliko wote," akasema, na safari hii sauti ilishuka zaidi.

Nilidhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Sista alivaa miwani yake akaniuliza swali ambalo kila mteja mwenye akili anapaswa kuwauliza nyinyi. "Mlango huu umekuwa wazi muhula mzima na wewe fundi hukujua. Nitajuaje kwamba hakuna mwingine?" Nilimwambia anipe Jumamosi moja. Akakubali kwa sharti: siku hiyo timu mbili kubwa zinacheza, kijiji kizima kinajua, na kama Mwalimu Projestus ataganda hata mara moja, Jumatatu majina yatakwenda bila fizikia.

Hapa ndipo mnapopenda mimi nifike haraka, kwenye mipangilio. Nilianza na Sista mwenyewe. Nilimwomba achague maneno kadhaa ambayo hayajawahi kukaa pamoja, yasiyotoka katika maisha yake, marefu kuliko anavyodhani inatosha. Alikaa muda mrefu akiangalia dari, akaandika akiwa amenipa mgongo, nami nikatazama dirishani tena. Kisha nikaugawa mtandao: darasa na njia yake, walimu yao, wageni yao, na darasa likapewa haki ya kwanza. Mlango wa mipangilio nikaufunga kwa yeyote anayekuja kupitia waifai. Ilibaki kuisasisha programu ya ruta yenyewe na kuweka kanuni ya mwisho, kwamba mipangilio iguswe tu kwa kupitia njia yetu ya siri au kwa waya wa ofisini kwa Sista. Umeme ukakatika. Ruta isiyo na umeme wa uhakika usiisasishe, inaweza kufa katikati na isiamke. Nikarudi Bukoba kazi ikiwa nusu.

Ijumaa, umeme ukiwa umetulia, nikaingia kutoka ofisini. Nilihifadhi nakala ya mipangilio, nikasasisha, nikasubiri mpaka taa zikarudi. Nikaiambia ruta inisubiri na irudi ilivyokuwa nisipothibitisha. Kisha nikaandika kanuni ya mwisho, na nikakosea tarakimu moja kwenye anwani yetu wenyewe. Skrini ikasimama.

Najua mnasema si uliiwekea kinga. Niliiweka, ndiyo. Lakini ukiwa umekaa hapo, na kesho ndiyo Jumamosi yenyewe, kinga unaiamini kwa kichwa tu, tumbo halina habari nayo. Nilimuona Editha, ambaye sikuwahi hata kumuona uso, akiambiwa Jumatatu achague jiografia. Niliweka mikono magotini nikasubiri.

Ruta ikarudi na sura yake ya zamani, kana kwamba sikuwahi kufika. Sikuandika tena mara moja. Nilisema kwanza, kwa sauti, ofisi nzima ikinisikia: nataka kufanya nini, kwa nini, na kitatokea nini nikikosea. Mzee Novatus alikuwa ameshafariki, lakini nilisema kama yupo. Kisha nikaandika, nikatoka, nikaingia tena kwa njia ya siri, nikathibitisha, ndipo nikahifadhi.

Jumamosi nilikwenda kukaa kwenye darasa la Mwalimu Projestus pale Bukoba, nyuma, ili niwaone wasichana wa Buganguzi kwenye skrini yake. Mechi ilianza, nilijua kwa kelele za mtaani. Mwalimu akaendelea. Nguvu ikawa sawa na kitu fulani mpaka mwisho wa sentensi. Kisha msichana mwembamba akasimama na kujitaja kuwa Editha.

"Mwalimu, nikisukuma ukuta na ukuta usisogee, nimefanya kazi au sijafanya?"

"Kwa fizikia, hujafanya kazi yoyote."

"Hata kama nimetoka jasho?"

"Hata kama umetoka jasho."

Darasa lote likacheka, nasi huku Bukoba tukacheka, kwa wakati mmoja, na kicheko hakikukatika. Niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba, maana machozi yalikuwa yananitoka. Nyuma ya wasichana, Sista Leokadia alikuwa amesimama mlangoni na mikono ameikunja. Alisimama hivyo mpaka kipindi kikaisha. Jumatatu majina yakaenda, na fizikia ndani yake.

Alchard aliitwa ofisini. Walichozungumza hakuna anayekijua, ila alitoka na kitambaa anajifuta shingo, akajinunulia mtandao wake mwenyewe, na pazia la banda likabadilishwa.

Kwa hiyo nikisema anzieni na salamu, naomba msicheke. Chochote ambacho mtu wa huku hukitaja akisalimiana, ukoo, muziro, kijiji, jina la mzaliwa wa kwanza, hakifai kuwa neno la siri. Na nshomile wenzangu wanaoweka shahada zao, niwaambie tu kwamba shahada ya Mhaya si siri, waitu. Hutajwa kabla ya jina. Lakini pia bila salamu, Alchard asingeniambia kitu. Ningekaa Bukoba nikifuta kanuni kila Jumamosi mpaka majina yapelekwe. Mashine ilinionyesha BANDA, ila aliyenieleza ni mtu aliyekuwa amenipa kahawa.

Nilipostaafu nilikabidhi ruta zote, na nikamwachia kijana aliyenipokea agizo moja, nikampa na Sista agizo hilohilo: nikishaondoka, lifuteni jina langu kila mahali. Fundi aliyestaafu ambaye bado anaweza kuingia ni mlango wazi, hata kama ni mtu mwema, hata kama mnampenda. Wote wawili waliitikia. Nyinyi mnajua watu wanavyoitikia.

Basi Jumamosi moja mchana, hapa Kanazi, radi zilikuwa zinapiga upande wa Muleba. Nikawaza ruta ya Buganguzi. Nikafungua laptopu, nikajiambia naangalia tu kama iko salama, na ukweli ni kwamba nilitaka pia kujua kama bado nina nafasi kule. Nikaiita njia ya siri, nikaandika jina langu na neno langu. Nikakataliwa. Nikajaribu tena. Nikakataliwa. Nilikaa nikiangalia maandishi yale mekundu, na siwezi kuwaficha, kwanza yaliniuma.

Nikampigia simu Sista Leokadia kumuuliza kama mambo yako sawa. Aliipokea kwa mnong'ono, na nyuma yake nikasikia sauti ya Mwalimu Projestus ikienda moja kwa moja bila kukatika, na wasichana wakimjibu.

"Domitila," akasema, "mbwenu unanipigiaje saa ya fizikia? Piga jioni."

Akakata simu.